Mikebe Chini ya Jiwe

Nyumba yetu ya Bugarika imeegemea jiwe
kama mlevi aliyekutana na rafiki njiani.
Mgeni mmoja aliuliza nani alilipandisha huku juu.
Nikamwambia: jiwe lilikuwepo, sisi ndio tuliopandishwa.

Chini yake kuna ufa, mkono unazama hadi kwapani,
na humo, hata mwezi wa tisa, bati likilia kwa jua,
pana ubaridi wa tumbo la chura.
Ndimo ninamoweka mikebe.

Sita. Ilikuwa kumi na miwili
siku Hirji wa dukani aliponiita uani,
akafuta vumbi kwa kiwiko, akasema:
"Lugembe, kiwanda kimefungwa.
Swala Mweusi hatakimbia tena. Chukua yote au nimpe mwingine."
Nilichukua yote. Mshahara wa mwezi.
Nkwimba hakusema neno; alipika dagaa
siku ishirini na sita mfululizo, mchana na usiku,
nami nikaelewa.

Nilikuwa mpima unyevu wa pamba.
Miaka thelathini na mmoja vidole hivi
vilizama maguniani vikatoka na hukumu:
hii mbichi, irudi; hii kavu, ipite.
Basi tumbaku ndiyo inishinde?
Kigae cha chungu nakilowesha usiku kucha,
nakipangusa, nakilaza juu ya majani, nafunika.
Maji yakizidi, ukungu. Yakipungua, vumbi lenye jina.
Ukingoni napitisha nta ya mshumaa,
tarehe naichora kwa msumari.

Watu hudhani ni uvutaji.
Kuvuta ni dakika arobaini, mara mbili kwa mwaka.
Kwanza mkebe hupumua, fff,
kama mtu aliyekuwa akijizuia kusema.
Halafu harufu: zabibu kavu, kiatu kipya,
na kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia neno,
labda darasa tupu baada ya mvua.
Moshi wa kwanza mkali. Wa pili unaomba radhi.

Maduhu alijua. Fundi wa injini za meli, Bandari ya Kusini,
kiko chake cha mpingo kina alama ya jino.
Alininusa shati akasema, "Swala."
Nikasema, "Wapi! Ni ya sokoni hii, ya kusokotwa."
Akalitazama jiwe. Akanitazama mimi.
"Haya," akasema, akaniaga kwa heshima,
heshima ile inayouma.
Kizuri kula na nduguyo;
nilijitetea kwamba methali haikutaja moshi.

Jumanne nimetoa mkebe mmoja, tarehe yake haisomeki.
Kutu imeutafuna ukingo kama panya mwenye subira.
Ndani: kitu cheupe, laini, kimejaa pomoni.
Pamba, haki ya Mungu. Pamba daraja la kwanza.
Nilicheka hadi Nkwimba akatoka na mwiko mkononi.

Mitano mizima. Mmoja nikautia mfukoni, nikashuka.

Maduhu anakaa Nyegezi sasa, kwa bintiye.
Daktari amemkataza moshi, chumvi na hasira.
Nilimwekea mkebe magotini.
Hakuuliza. Aliufungua kwa ukucha wa dole gumba,
akafukia uso humo, akakaa, akakaa,
hata nikadhani usingizi umemchukua.
"Swala," akasema. "Nilikuambia."
Kisha akaniamuru nivute mimi,
yeye akahamisha kiti upande upepo unakoelekea.

Ziwani wadudu walikuwa wameinuka,
nguzo nyeusi mbili, tatu, juu ya maji,
ungedhani chini huko nako kuna wazee.
Binti akafunga madirisha mbiombio, akatuita ndani.
Hatukwenda.

Chini ya jiwe imebaki minne.
Wa tano uko Nyegezi, juu ya kabati la vyombo.
Nimempelekea na kigae.